Mashati Saba ya Injinia

Injinia Mutunga amerudisha mashati.
Saba, yamekunjwa vile vile nilivyoyakunja,
kola juu, mikono nyuma kama ya mtu aliyekamatwa.
"Mama Mwero," anasema, "yananuka mafuta ya taa.
Nilikuwa mkutanoni Kizingo, kiyoyozi kinapuliza,
wenzangu wakaanza kunusanusa
kama paka waliosikia harufu ya ngisi."

Nikamkaribisha kigoda. Hakuketi.
Nikamwonyesha sabuni, ile ile ya mche,
naikata kwa uzi, kipande kwa beseni.
Nikamwonyesha buluu, nikamwonyesha pasi,
na kamba niliyoifunga mbali na jiko la jirani.
"Basi nini?" akauliza.
Nikamwambia, twende kisimani.

Kisima hiki alikichimba baba mkwe wangu
kabla Jomvu haijajua mfereji.
Pima sita, akapasua mwamba, akakuta maji baridi
yenye chumvi kidogo tu,
kiasi cha kukukumbusha kuwa pwani si mbali.
Tulipikia wali. Tulioshea maiti.
Kisha mtaro wenu ukapita nyuma ya choo cha shule,
mkalaza bomba jeusi, nene kama kiuno cha mjamzito,
na siku ya kulifukia mkatugawia kofia ngumu
zilizoandikwa USALAMA KWANZA.
Yangu nachotea unga.

Masika ya kwanza, hakuna neno.
Masika ya pili, kuku wa Bi Nyamvula wakaacha kunywa.
Tulicheka. Tulisema kuku wameingiwa na maringo.
Masika ya tatu ndoo ikapanda na upinde wa mvua,
mzuri, wallahi, rangi za kanga ya Idi,
watoto wakagombania kuutia vidole.

Nikaenda ofisini kwenu. Karani akasema
bomba halivuji, lingevuja mashine ingelia.
Nikamwuliza, hiyo mashine ina pua?
Akaniandikia namba kwenye karatasi, nikaja nayo nyumbani.
Ninayo. Ni namba tu.

Injinia, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma maji.
Najua ya mvua yanavyolipenda povu,
ya mfereji yanavyolibania.
Haya yanateleza. Hayashiki sabuni,
yanashika mtu.
Tazama mikono hii, imepasuka
kama tope la mikokoni maji yakipwa.
Dada wa zahanati kanipa mafuta ya kupaka.
Mafuta, kwa ugonjwa wa mafuta!
Mwero anatoka damu puani usiku, hajapigwa na mtu,
daftarini wakaandika mzio.
Mzio wa nini, hawakuandika.
Wifi yangu alijifungua mfunguo tisa.
Hatukuhangaika kutafuta jina.

Sisemi ni bomba. Mimi dobi.
Nasema nimefua miaka kumi na tisa
na doa halijawahi kunishinda kulijua lilikotoka.

Akainama. Akachota kwa kiganja, akanusa,
akanusa tena, kama mtu anayesoma mstari mara mbili.
Alipoinuka ncha ya tai yake imelowa
na hakuikamua.
"Nikulipe ngapi?" akasema, polepole.
Mashati saba, shilingi mia tatu na hamsini.
Hayo mengine sijaijua bei yake,
na wewe hujaniuliza.

Nikamwambia, usiyapeleke kwa dobi mwingine.
Lile la samawati livae siku ya wakubwa,
keti pale pale, chini ya kiyoyozi,
kipulize.
Sisi hatukualikwa Kizingo.
Shati litaingia mlangoni na mwenyewe.

Alichukua mawili.
Matano yako kambani mpaka leo,
yamenyoosha mikono kuelekea barabarani,
na kila upepo ukivuma kutoka kwenye mtaro
Bi Nyamvula hufunga dirisha,
kuku husogea upande wa pili wa ua.